Umethibitisha Nini?

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu kiti."

Ilikuwa saa mbili asubuhi hapa Bonga, Babati. Magari ya Kondoa na Dodoma yalikuwa yakipita kuelekea kusini, na mimi ndiyo kwanza nimefungua mlango wa chumba ninachochapia barua za watu. Kijana alikuwa na simu mkononi. Kampuni moja ya Arusha ilikuwa imemwandikia barua pepe ya Kiingereza kumwita kwenye usaili, naye alitaka jibu la mistari mitatu. "Niandikie tu kwamba nathibitisha," akasema.

Nikamuuliza: unathibitisha nini?

Swali hilo hakulitarajia, lakini alilijibu vizuri. Kwanza, kwamba barua yao imemfikia. Kwa hilo Kiingereza rasmi kina kitenzi chake, "acknowledge". Pili, kwamba siku hiyo atafika. Hapo ni "confirm". Halafu walikuwa wamemwambia aende na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Hiyo ni "certify", na anayeifanya si yeye, ni wakili mwenye muhuri. Chini kabisa waliandika kwamba wao wenyewe watawasiliana na vyuo kuthibitisha sifa za waombaji, na kitenzi walichotumia ni "verify". Sisi wawili tulitaja kuthibitisha mara nne. Kiingereza kilihitaji vitenzi vinne, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe: kijana, kijana tena, wakili, kampuni.

Nilifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi kabla ya kukaa kwenye meza hii. Ninachomwambia kila anayeandika barua rasmi kwa lugha hiyo ni kwamba asichague kitenzi kwa mlio wake, achague kwa mzigo wake. Kitenzi rasmi humtwisha mtu kitu: ahadi, gharama, lawama, au kazi ya kuleta ushahidi. Kabla hujaandika, jiulize nani atabeba na atabeba nini. Ukilijua hilo, ndipo ufungue kamusi.

Wapo wanaosema shida hii inatokana na uchache wa maneno ya Kiswahili. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwingereza anasema "uncle", basi. Sisi tuna mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, na kwenye kikao cha mahari au cha mirathi hakuna anayeweza kuwachanganya. Kila lugha hukata nguo pale ilipozoea kukata. Kiswahili huacha kazi nyingine ifanywe na maneno yanayofuata: nathibitisha kupokea, nathibitisha kufika, nathibitisha kwa ushahidi. Kiingereza rasmi kimeingiza kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno hupoteza nusu ya alichotaka kusema, na wakati mwingine huongeza asichokusudia.

Chukua hiyo "certify" na "verify". Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinaweza kukupa "thibitisha" kwa zote mbili. Wakili anapogonga muhuri kwenye nakala ya cheti chako, anasema jambo moja dogo: nakala hii inalingana na karatasi niliyoiona. Hasemi kwamba karatasi hiyo ni ya kweli. Ukimpelekea cheti cha kughushi kilichotengenezwa vizuri, nakala yake itafanana nacho, na muhuri utagongwa. Ndiyo maana mwaka 2017, Serikali ilipotaka kujua ukweli wa vyeti vya watumishi wake, haikutegemea mihuri ya nakala. Baraza la Mitihani lilivilinganisha vyeti na kumbukumbu zake lenyewe, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kazi ile tuliiita uhakiki, na nchi nzima ilielewa maana yake. Basi ukitaka kuijua "verify", kumbuka uhakiki wa 2017: ni kwenda kwenye chanzo na kulinganisha. Ukitaka kuijua "certify", kumbuka muhuri wa wakili. Ukiandika kwenye barua yako "I have verified my certificates", unadai umefanya kazi ya Baraza la Mitihani.

Kosa lililonifundisha zaidi ni langu mwenyewe.

Babati ni nchi ya mbaazi. Tunazipanda katikati ya mahindi, mahindi yanavunwa, mbaazi zinabaki shambani, na soko lake kubwa kwa miaka mingi limekuwa India. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao, na huku kwetu bei ikaanguka vibaya. Baada ya hapo vikundi vingi vya wakulima vilianza kutafuta wanunuzi vyenyewe. Kikundi kimoja kiliniletea rasimu ya barua kwa mnunuzi wa nje. Katibu alikuwa ameandika: "We ensure you that we will supply 30 tonnes."

Sentensi hiyo ina kosa la sarufi, nami nililiona mara moja. "Ensure" haimpokei mtu, inapokea jambo: unahakikisha kitu kinatokea. Anayemtoa mtu wasiwasi hutumia "assure", nayo lazima itaje huyo mtu. Ipo na "insure", ambayo siku hizi karibu kila mara ni ya bima. Kufikia hapo nilikuwa sawa. Lakini niliona "assure" ni nyepesi mno kwa barua ya biashara, nikataka neno lenye uzito, nikaandika: "We guarantee to supply 30 tonnes." Tuliisoma kwa sauti, ikatupendeza sote, mwenyekiti akaweka sahihi.

Mvua za mwaka ule hazikutosha. Kikundi kilipata chini ya nusu. Mnunuzi aliandika kwa adabu kabisa akiuliza dhamana ile italipwaje, kwa sababu alikuwa amekwisha kukodi nafasi melini. Ile "guarantee" si kitenzi cha heshima tu. Inamaanisha jambo lisipotokea, mimi ndiye nitakayelibeba. Wale wazee walikuwa hawajakaa kikao cha dhamana yoyote. Walikuwa wamekubaliana kujitahidi. Mimi, kwa kupenda mlio wa neno, niliwaingiza kwenye deni ambalo hawakulipigia kura. Mazungumzo yalichukua wiki kadhaa, mnunuzi alikuwa mwungwana na mambo yakaisha. Lakini sura ya yule mwenyekiti aliponiuliza, "Mwalimu, sisi tulisema hivyo?" sijaisahau.

Tangu siku ile nimezipanga ahadi za Kiingereza kama ngazi, na kila mteja ninamwonyesha amesimama wapi. Chini kabisa ipo "hope": tunatumaini, hakuna kinachotudai. Juu yake "endeavour": tutajitahidi, na tukishindwa tutaulizwa kama kweli tulijitahidi. Halafu "expect": kwa hesabu zetu za sasa tunaona itakuwa hivyo. Neno hili ni zuri sana kwa mkulima, maana linasema makadirio bila kuficha kwamba ni makadirio. Kisha "undertake": tunajifunga kulifanya. Juu kabisa "guarantee": tunajifunga, na hasara ni yetu. Barua ya kikundi kile ilihitaji vitenzi viwili, si kimoja: "We expect to harvest about 30 tonnes, and we undertake to offer it to you first." Mavuno yako mikononi mwa mvua, kumpa mnunuzi nafasi ya kwanza kuko mikononi mwao. Kila jambo limepata kitenzi linalokistahili.

Kwa nini basi Kiingereza kina vitenzi vingi hivi vinavyokaribiana? Sehemu kubwa ya jibu ni historia. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama na mabwana waliongea Kifaransa kwa vizazi kadhaa, na wasomi wakaandika Kilatini. Maneno ya wakulima hayakufa. Yalibaki chini, mapya yakakaa juu. Ndiyo maana "ask" ni ya nyumbani, "question" ina harufu ya ofisi, na "interrogate" ni ya kituo cha polisi. Msomaji wa Kiswahili asione ugeni hapo. Nasi tunasema mbuzi amekufa, mzee amefariki. Tunasema ninataka maji tukiwa jikoni, na tunahitaji huduma ya maji tukimwandikia mkurugenzi. Masikio yetu yanajua kabisa kwamba maana ikikaribiana, adabu na mahali vinaweza kutofautiana. Tunachokosa ni mazoea ya kuyatumia masikio hayo kwenye lugha ya tatu, maana wengi wetu hapa tulianza na Kigorowa, Kiiraqw au Kirangi, Kiswahili kikafuata, na Kiingereza tumekutana nacho darasani.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi waliponaswa. Walidhani urasmi ni kubadili kila kitenzi kifupi kuwa kirefu: "begin" iwe "commence", "use" iwe "utilise", "find out" iwe "ascertain". Barua ikawa imevaa koti juu ya koti. Mwajiri anayesoma barua mia moja hana shida na "start" wala "use". Shida yake ni barua isiyosema mwombaji amefanya nini. Kama vitenzi viwili vinabeba mzigo uleule, chukua kile kifupi ulichozoea. Ugumu utunze kwa pale mizigo inapotofautiana.

Vitenzi viwili vifupi ndivyo vinavyobeba mizigo mikubwa zaidi: "shall" na "may". Jina la kata yetu limo kwenye nyaraka za barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Japani na Serikali yetu. Kipande kimoja kinatoka Mela hadi Bonga, kilomita 88.8; kingine kinatoka Bonga hadi Babati, kilomita 19.2. Mikataba ya kazi kubwa za namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza, na ukikutana nayo utaona "the Contractor shall" ikijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Si mapambo. Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1 ya sheria zetu, kifungu cha 53, imelieleza jambo lenyewe kwa upande wa sheria: "may" ikitoa mamlaka, mwenye mamlaka anaweza kuyatumia au kuyaacha kwa hiari yake; "shall" ikitoa jukumu, jukumu hilo lazima litekelezwe. Kwa hiyo kijana unayepewa mkataba wa kibarua au wa upangaji, chukua kalamu, zungushia kila "shall" na kila "may". Tazama "shall" ngapi ziko upande wako na ngapi upande wao. Zikiwa zote zimekuangukia wewe na "may" zote ni zao, umekwisha kuusoma mkataba huo.

Ndugu zetu wa Ethiopia walijua uzito huo kwa damu. Tarehe 2 Mei 1889 mfalme wao, Menelik II, aliwekeana mkataba na Italia kule Wuchale, ukaandikwa kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilisema amekubali kuitumia, na Roma ikakisoma kama wajibu, ikaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukataa ufafanuzi huo, kisha akaukataa mkataba wenyewe. Tamaa ya Italia ilikuwa na mizizi mingine mingi, lakini hoja waliyoishika mkononi ilikuwa kitenzi kile. Mwisho wake ulikuwa Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ambapo jeshi la Italia lilishindwa.

Nirudi kwenye meza yangu, kwenye neno linaloniuma zaidi. Mama mmoja mjane aliniletea karatasi ya Kiingereza aliyotakiwa kuisaini. Mtu aliyeileta alimwambia ni ya kuonyesha tu kwamba ameipokea barua kuhusu mkopo wa marehemu mumewe. Niliisoma. Kitenzi kilikuwa kilekile cha barua ya kijana wa usaili, "acknowledge". Lakini kilichofuata hakikuwa "receipt". Kilikuwa "the debt". Kwa "acknowledge receipt" unasema karatasi imefika. Kwa "acknowledge the debt" unasema deni ni la kweli nami nalitambua. Na chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, maandishi ya namna hiyo yenye sahihi yanaweza kuufanya muda wa kudai deni uanze kuhesabiwa upya. Mama hakusaini. Tulimwandikia jibu linalosema barua imepokelewa na kwamba ataomba ushauri kabla ya kusema lolote zaidi, kisha nikamwelekeza atafute msaada wa kisheria mjini Babati. Kwa hiyo usikitazame kitenzi peke yake. Tazama kimeshika nini mkononi. Nomino inayofuata inaweza kukigeuza kutoka salamu kuwa kifungo.

Ndugu zake "acknowledge" nao wanataka uangalifu uleule. "Accept" ni kupokea kilichotolewa: nafasi ya kazi, fidia, bei. Ukikiandika, biashara imefungwa. "Agree" inahitaji wenzako, ni kukubaliana. "Admit" ina kosa ndani yake, ni kukiri. Mwalimu mwenzangu aliwahi kumjibu mkuu wake "I admit that I was on leave", akaonekana anakiri kosa wakati likizo yake ilikuwa halali na yenye kibali. "I was on approved leave" ingetosha, bila kitenzi cha kukiri chochote.

Kwenye kupendekeza sina mengi. "Suggest" ni wazo, "propose" ni jambo unalotaka lijadiliwe na kuamuliwa, "recommend" ni ushauri wa mtu anayejua au aliyepewa kazi ya kushauri. Muhtasari wa kikao ukiandika "the members recommended" mahali ambapo mjumbe mmoja alitoa wazo tu, umempa kila aliyekuwepo mzigo wa wazo lile.

Kuna na makosa ya mwendo wa sentensi ambayo hayahusu maana, lakini humfanya msomaji aweke barua kando. Tunaandika "I request for permission" kwa sababu nomino "request" huenda na "for". Kitenzi hakiitaki: "I request permission". Tunaandika "discuss about" kwa kuwa sisi tunajadili kuhusu. Kiingereza kinasema "discuss the matter". Tunaandika "suggest me", nao husema "suggest to me" au "suggest that". Na "apply" inakwenda na "for" ukitaja kazi, na "to" ukitaja ofisi. Haya hayana kanuni moja ya kuyashika. Dawa yake ni kukijifunza kitenzi pamoja na neno linalokifuata, kama tunavyomjua mtu kwa jina lake na la baba yake.

Kuhusu kamusi: ya lugha mbili ni mlango, si nyumba. Itakupa majina matano ya "thibitisha" na kukuacha hapohapo. Chukua hayo matano uyafuate kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanaojifunza, kama ile ya Oxford iliyoanzishwa na A. S. Hornby, na usisome maana peke yake, soma mifano. Tazama ni nani anatenda katika mifano hiyo, na anamtendea nani. Ukiona "certify" kila mara inafanywa na daktari, mhasibu au ofisa, na wewe si mmojawapo, basi si kitenzi chako. Vifaa vya kutafsiri vilivyo kwenye simu ninavitumia pia. Lakini ninaviandikia Kiswahili kilichofumuliwa: badala ya "tunathibitisha", naandika "barua yenu tumeipata leo" na "tutafika siku hiyo". Kiswahili kikiwa wazi, hata mashine inakosea mara chache.

Na kabla ya yote hayo, uliza kama barua yenyewe inalazimu Kiingereza. Wengi huja wakitaka Kiingereza kwa barua inayokwenda halmashauri ya mji au kwa mtendaji wa kata, wakidhani itaheshimiwa zaidi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Matangazo mengi ya ajira serikalini yanaruhusu barua ya maombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Lugha unayoimudu itakulinda na kitenzi usichokikusudia. Kiingereza kiwekee anayekihitaji: mnunuzi wa mbaazi, chuo cha nje, kampuni ya watalii.

Kijana wa usaili alihitaji Kiingereza kweli. Mstari wa kwanza tuliumaliza upesi: "I acknowledge receipt of your letter." Wa nakala za vyeti nao: ataziwasilisha zikiwa zimegongwa muhuri wa wakili, "I will submit certified copies." Tulipofika "I confirm that I will attend", niliuacha mkono juu ya kibodi nikamuuliza kama nauli ya Arusha anayo.

Alikuwa hana. Alikuwa anatarajia kuipata.

"Basi bado hatujathibitisha," nikamwambia. "Mpigie mtu kwanza."

Akatoka nje, akampigia mjomba wake aliyeko Babati mjini. Nilimsikia akisalimia, akieleza, akinyamaza muda mrefu. Alirudi akakaa, tukasubiri wote wawili, nami nikachapa hati ya mteja mwingine. Saa nne kasoro simu yake ililia mlio wa ujumbe wa pesa. Akanionyesha kioo, nikausoma, nikakivuta kibodi karibu tukauandika mstari wa katikati.